Pori lako limeungua? Weka jembe chini kwanza

Kila mwaka kati ya Julai na Oktoba, ukisimama Gongo la Mboto jioni ukatazama upande wa vilima vya Pugu, hukosi kuona moshi. Kuna anayesafisha shamba, kuna tanuri la mkaa lililomshinda mwenyewe, kuna vijana wanaofukuzia panya na sungura kwa moto. Kesho yake asubuhi mwenye shamba pori fulani, yuko zake Kariakoo au ofisini Posta, anapigiwa simu: "Njoo uone, huku kwako kumekwisha."

Mimi nilipigiwa simu hiyo. Nina ekari 3 upande wa Chanika, mteremko mtupu unaoishia kwenye korongo. Dalali aliponiuzia aliliita "eneo lenye mandhari". Wiki moja baada ya moto nilikuwa nimeshaleta vijana wawili na sururu wang'oe visiki, na miche 200 ya mijohoro na mikaratusi ilikuwa njiani. Vuli ikaja na mvua zake za vurugu, udongo ukashuka korongoni pamoja na miche. Mwaka ulipokwisha nilihesabu mijohoro 11. Ng'ambo ya korongo, ambako vijana hawakufika kwa sababu hela iliniishia, pori lilikuwa limesharudi lenyewe, kijani, hadi kiunoni.

Haya ni yale ambayo ningependa mtu aniambie siku ile ya simu.

Kwanza jua ni pori la aina gani

Hili ndilo linaloamua mengine yote, na watu wengi hulipita. Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Pugu, Kisarawe au Mkuranga unakutana na mapori ya namna mbili, mara nyingi yakiwa yamepakana.

La kwanza ni pori la wazi: nyasi chini, miti imeachiana nafasi, majani yanapukutika kiangazi. Humo utakuta mninga, mpingo, mkongo, mtopetope, mtonga, na mikoma kwenye mchanga. Miti hii na moto wanajuana tangu zamani. Gome la mninga mkubwa ni nene, limepasukapasuka kama ngozi ya mamba, na ndani yake mti unabaki mbichi. Mtopetope unaungua hadi chini, halafu unachipua kutoka kwenye mizizi kana kwamba umepunguzwa tu kwa panga. Mkoma hata usiuhesabu kwenye hasara, kilele chake kinatoa makuti mapya.

La pili ni msitu wa pwani wenyewe, ule uliofungana, wenye kivuli, mabungo yakining'inia kwenye mitambaazi yake na udongo wake umefunikwa na majani makavu. Msandarusi ni wa humo. Msitu huu haukuzoea moto. Magome ya miti mingi ni membamba na chini hakuna nyasi za kuungua kila mwaka. Moto ukipita mara moja, mwanga unaingia. Mwanga ukiingia, nyasi zinaota. Nyasi zikikauka, mwaka unaofuata zinaalika moto wa pili ulio mkali zaidi. Moto wa tatu ukipita, una uwanja wa nyasi na visiki. Hivyo ndivyo misitu mingi iliyouzunguka mji huu ilivyopungua, ukiacha shoka na mkaa.

Kwa hiyo ukiwa na pori la wazi, kazi yako kubwa ni kutoliharibu. Ukiwa na kipande cha msitu uliofungana, kazi yako kubwa ni kuhakikisha moto wa pili hauji. Kama unavyo vyote viwili, kama mimi, tembea na mawazo mawili.

Na kama palipoungua ni ndani ya hifadhi, iwe Pugu-Kazimzumbwi au Pande, hapo si pako pa kupanda wala kupogolea. Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuingia na kufanya apendavyo, hata kama nia ni njema. Toa taarifa, uliza kama wanahitaji watu wa kujitolea, na usubiri uelekezwe.

Siku za mwanzo: usiingie na kandambili

Moto ukishazimika juu, chini bado unaendelea. Kisiki kikavu kinaweza kufuka siku kadhaa, na mzizi ulioungua ndani ya ardhi unaacha shimo lililojaa majivu ya moto ambalo juu linaonekana ardhi ya kawaida. Kijana mmoja niliyekuwa naye aliingiza mguu humo hadi kwenye kifundo. Alikuwa na buti, akaondoka na soksi iliyoungua tu. Tembea na fimbo, gonga mbele yako. Angalia juu pia, maana tawi lililoliwa na moto upande mmoja halisubiri upepo. Kwenye mteremko msifuatane mmoja chini ya mwingine: majani na mizizi vilivyokuwa vinashikilia mawe havipo tena.

Beba simu yenye chaji na upige picha. Chagua sehemu nne au tano, weka kigingi au rundo la mawe, piga picha ukiwa umesimama hapohapo ukitazama upande uleule. Utarudi kila baada ya miezi mitatu kupiga tena. Bila picha hizi, baada ya mwaka utaona hakuna kilichobadilika, utakata tamaa, na utaleta sururu.

Ukiwa unapiga picha, soma majivu. Palipobaki nyeusi, na vijiti vyembamba bado vimesimama, moto ulipita haraka. Mbegu na mizizi ya chini ina matumaini makubwa. Palipo na majivu meupe laini kama unga, hasa pale gogo zima lilipolala likateketea, joto lilikaa muda mrefu na udongo umepikwa. Sehemu hizo nyeupe huwa ndogondogo. Zitie alama, maana huenda ndizo pekee utakazohitaji kupanda.

Jaribio moja zuri: futa majivu kidogo, mimina maji kiasi cha kifuniko cha chupa kwenye udongo. Yakinywewa mara moja, sawa. Yakikaa juu kama shanga, udongo huo umefanya tabaka linalokataa maji, na mvua ya kwanza itateremka yote. Hapo ndipo pa kuanzia hatua inayofuata.

Kabla ya mvua: kinga udongo

Kama kuna kazi ya kutumia nguvu na hela kwenye mwongozo huu wote, ni hii. Vuli ya Dar inaanza Oktoba au Novemba, na moto mwingi ni wa Agosti na Septemba. Una wiki chache tu.

Usiyatoe magogo yaliyoungua. Watu watakuja kuyaomba kwa ajili ya mkaa na kuni, na yanakera macho, lakini hayo ndiyo matofali yako. Yalaze yakingame na mteremko, yaani yalale kama ngazi, sio kama reli. Gogo ligusane na ardhi urefu wake wote; chimba mfereji wa vidole vinne ulilaze humo, na upande wa chini pigilia vigingi viwili au vitatu. Likiacha upenyo chini, maji yatapita kwenye upenyo huo kwa nguvu kuliko kama usingeweka kitu.

Macho yanadanganya kwenye mlima, kwa hiyo tengeneza fremu A. Fito mbili zinazolingana, kama mita 2 kila moja, zifunge juu zitanuke chini. Funga fito ya tatu katikati ipite mlalo. Toka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ishuke hadi chini kidogo ya fito ya mlalo. Simamisha miguu yake kwenye vigingi viwili, weka alama pale kamba inapopita. Geuza fremu, mguu wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Ukitembeza fremu mlimani, kila kamba inapotulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Piga kigingi, endelea. Mstari wa vigingi ndipo magogo yanapolala. Mimi na binti yangu wa darasa la sita tuliipima mistari minne kwa asubuhi moja, na yeye ndiye aliyekuwa makini zaidi.

Kwenye vijikorongo vinavyoanza, panga mawe au matawi kukatisha, katikati pawe chini kidogo kuliko kando ili maji yapite hapo. Anza juu kabisa, korongo likiwa bado jembamba la kurukwa. Korongo kubwa la chini waachie wenye matingatinga.

Usifagie majivu. Yana madini ambayo machipukizi yatayatumia, na mistari ya magogo inayazuia yasiende korongoni.

Kukagua uhai

Siku ile vijana walipokuwa wanang'oa visiki, babu mmoja Mzaramo, jirani wa upande wa juu, alikuja akasimama na bakora yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mnang'oa nini?"

"Visiki, babu. Vimekufa."

Hakujibu. Alichuchumaa, akatoa kisu kidogo cha kumenyea, akakwangua shina jeusi karibu kabisa na ardhi, sehemu ya ukubwa wa kucha. Chini ya weusi palikuwa na kijani kibichi, na baada ya muda yakaanza kutoka majimaji mekundu kama damu. Mninga. "Basi endeleeni kuzika aliye hai," akasema, akaenda zake.

Fanya alivyofanya. Kwangua sehemu ndogo, sio kuzunguka shina. Anza kimo cha kifua, ushuke. Kijani au nyeupe yenye unyevu ni uhai. Kahawia kavu ni kifo cha sehemu hiyo tu. Mti unaweza kuwa umekufa toka mita moja kwenda juu na ukawa mzima chini. Hata ukikuta kahawia hadi ardhini, usitoe hukumu mpaka masika ipite, yaani hadi Juni. Miti mingi ya pori la wazi ina macho ya kuchipua yaliyolala kwenye shingo ya mzizi, na akiba ya chakula iko chini ambako joto la moto halikufika.

Mninga mdogo una tabia inayochanganya watu. Mche wake hukauka juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa. Unaweza kuendelea hivyo miaka 10 na zaidi, kisha siku moja unapaa. Kwa hiyo yale majani machache unayoyakanyaga kwenye nyasi yanaweza kuwa mti wenye umri wa mwanao. Mtu akikuambia atakuotesha mninga kitaluni kwa haraka, msikilize kwa adabu ila usimpe advansi.

Vuli ya kwanza utaona maajabu mengine. Kuna ua jekundu la duara kama mpira wa nyuzi, linatoka ardhini bila jani hata moja. Liache. Kitunguu chake kina sumu, kwa hiyo watoto wasilichezee.

Mwaka wa kwanza: tazama, usikate

Kisiki kimoja kinaweza kutoa machipukizi 20. Mkono utawasha kuyapunguza. Yaache yote hadi msimu wa kwanza wa mvua uishe, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayorudishia mizizi chakula ilichokitumia, na ukiyapunguza mapema, mbuzi mmoja anatosha kukuachia sifuri.

Kazi yako mwaka huu ni moja: ng'oa wageni. Lantana, ile ya maua ya rangi mbili na harufu kali, inapenda sana ardhi iliyofunguliwa na moto, na ikishika inafunika kila kitu na kuungua vizuri ikikauka. Mlusina nao unaangusha mbegu kwa maelfu. Ng'oa vikiwa vidogo, ardhi ikiwa na maji, pamoja na mzizi. Mijohoro yangu 11 niliikata mwenyewe mwaka wa tatu. Nguzo zake zimejenga banda la kuku.

Lakini usiitwe msafi. Vichaka vya kienyeji, mitambaazi, hata nyasi za mwanzo, vinashika udongo na kuwapa miche midogo kivuli. Mtu anayelima "kusafisha" pori la mteremko ana tofauti ndogo na moto.

Mwaka wa pili: chagua

Watu wa Dodoma wana jina zuri la kazi hii ya kuchagua machipukizi ya kisiki na kuyapogolea: kisiki hai. Shinyanga nako, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na kufufua ngitili za Wasukuma, yaani kufunga eneo, kuzuia mifugo, na kuiacha mizizi iliyokuwa chini miaka yote ijitokeze. Kanuni inafanya kazi Chanika pia.

Kiangazi cha kwanza kikipita, nenda kisiki kwa kisiki. Chagua machipukizi mawili au matatu: yaliyonyooka, manene, na yaliyotokea chini kabisa karibu na ardhi. Linalotokea juu ya kisiki kilichoungua linapendeza, lakini kisiki kitaoza na siku ya upepo litabanduka lote kama sikio la mtungi. Mengine kata kwa panga kali au msumeno wa kupogolea, ukikata toka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Kwenye yaliyobaki, ondoa matawi ya nusu ya chini tu. Matawi uliyokata yatandaze hapohapo kuzunguka kisiki.

Kisha funga kitambaa cha rangi kali. Ni kwa ajili ya mtu mwenye panga anayepita kutafuta fito, ajue hili lina mwenyewe. Mimi natumia vipande vya kanga kuukuu. Havimzuii kila mtu, lakini vinawazuia wengi kuliko nilivyotarajia, labda kwa sababu wengine wanadhani ni mambo ya mganga.

Mpingo ufikirie peke yake. Unachipua pia kutoka kwenye mizizi iliyotambaa mbali na mti, kwa hiyo fimbo zenye miiba zinazoota mita kadhaa kutoka kwenye mama huenda ni watoto wake. Unakua taratibu mno. Chagua, weka alama, sahau.

Kupanda, kama ni lazima

Panda tu pale ambapo masika mbili zimepita na bado pana uwazi wa zaidi ya hatua sita bila chipukizi wala mche. Kwangu hizo zilikuwa zile sehemu za majivu meupe, na eneo nililoling'oa mwenyewe.

Mbegu okota jirani, kwenye miti iliyohimili hali ya hapohapo. Mkongo ni mwalimu mzuri kwa anayeanza: ganda nene linapasuka na ndani kuna mbegu nyeusi zinazong'aa zenye kofia nyekundu. Toa kofia, loweka usiku mmoja, panda kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) kirefu, maana mzizi mkuu unashuka upesi na kiriba kifupi kitaukunja. Usiuweke kitaluni muda mrefu. Mkwaju ni rahisi kuliko wote, mbegu unazo jikoni; zimenye, ziloweke siku nzima. Ukitaka mbegu za uhakika kwa wingi, TFS wana kituo cha mbegu za miti Morogoro.

Peleka miche porini mwanzo wa masika, mvua ikiwa imeshalowesha ardhi kiganja kizima kwenda chini, sio siku ya wingu la kwanza. Panda upande wa juu wa magogo yako, ambako udongo na majivu vimejikusanya.

Yaliyobaki waachie popo, ndege na komba. Bakiza mti mkavu mmoja mmoja uliosimama mbali na njia. Hondohondo na wenzake wakitua hapo wanaacha mbegu bila kukudai nauli.

Kuzuia moto wa pili

Kabla ya Juni kwisha, safisha njia ya moto kuzunguka mpaka, hasa upande wa chini ya mteremko, kwa sababu moto unapanda mlima mbio kuliko unavyoshuka. Yangu ina upana wa mita 5: nyasi zimefyekwa, majani yamekusanywa kwa reki hadi udongo uonekane. Kwenye kona ya msitu uliofungana sifyeki hata kidogo ndani. Kivuli chake ndicho kinga yake, nasafisha ukingoni tu. Fanya tena Januari, maana jua kali kati ya vuli na masika nalo linakausha nyasi, na watu husahau.

Halafu fanya ile kazi isiyotumia jembe. Nenda kwa majirani wanaolima, mmoja mmoja, kabla hawajaanza kuandaa mashamba. Sio kulalamika. Uliza wanachoma lini, omba wachome asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka, na ujitolee kuja na watu wawili, ndoo na matawi mabichi. Mjumbe na serikali ya mtaa wajue. Jirani ambaye moto wake uliniunguza, siku hizi ananipigia simu mwenyewe.

Wanaookota kuni nimewaruhusu wachukue matawi makavu yaliyoanguka, magogo ya kwenye mistari hapana. Vijiti wanavyobeba ni kuni zisizoungulia kwangu, na wao ndio wa kwanza kuniambia wakiona tanuri la mkaa limechimbwa ng'ambo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kupiga picha za kawaida. Mninga ule wa babu una mashina mawili sasa, la kubwa limenizidi kimo, kipande cha kanga kimepauka hadi maandishi hayasomeki. Chini yake nyasi zimeanza kuwa za rangi ya majani makavu. Jirani wa kusini ameniambia anachoma Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa nalala huko.